Jiwe Limeanguka, Afande Yuko Mlangoni

Jioni ya tarehe 16 Desemba 1938, yapata saa kumi na moja na nusu, mawe yalidondoka kutoka angani huko Ivuna, kusini-mashariki mwa Ziwa Rukwa, kama kilomita 100 kutoka Sumbawanga ukikata moja kwa moja. Leo Ivuna iko wilaya ya Momba, mkoa wa Songwe. Yaliyookotwa yalikuwa na uzito wa gramu 700 hivi, mzigo ambao mtoto angeubeba kwa mkono mmoja. Lakini wataalamu wa vimondo duniani kote wanalijua jina la kijiji hicho. Mawe ya aina ile ni machache mno, ya kuhesabika kwa vidole, na kundi lake zima limepewa herufi ya kwanza ya Ivuna. Ukiacha gesi, elementi zilizomo ndani yake zinalingana na za jua kwa uwiano uleule. Desemba 2020 chombo cha Wajapani, Hayabusa2, kilirudisha duniani gramu 5.4 za udongo kutoka kwenye sayari ndogo ya Ryugu, na walipoupima wakakuta ni wa ukoo wa Ivuna. Wamesafiri miaka 6 kufuata kitu ambacho wakulima wa bonde la Rukwa walikikuta kimelala chini.

Kimondo kingine kinaweza kuanguka kesho Laela, Matai, Kaengesa au Mtowisa. Kikianguka, watu wawili watakutana kwa shida: askari aliyetumwa kujua ni nini kimelipuka, na mwanakijiji anayejua jiwe liko wapi lakini hasemi. Makala hii ni ya wote wawili.

Tuanze na dakika zile za mwanzo, maana ndizo zinazoumiza watu. Kimondo kikubwa huingia hewani kwa kasi isiyopungua kilomita 11 kwa sekunde. Utaona mwanga mkali unaokata anga, hata mchana. Mlio huja baadaye, pengine baada ya dakika nzima au zaidi, na ni mzito kama radi au baruti. Tarehe 15 Februari 2013, mjini Chelyabinsk nchini Urusi, watu walikimbilia madirishani kutazama ule mwanga. Kishindo kilipofika, vioo viliwapasukia usoni. Walioumia walifika kama 1,500. Kwa hiyo ukiona mwanga usio wa kawaida, kaa mbali na dirisha, waite watoto, na hesabu polepole: moja, mbili, tatu, mpaka usikie mlio. Hesabu hiyo ni ushahidi. Sauti hukata kilomita moja kwa sekunde 3 hivi, kwa hiyo ukihesabu hadi 90, kilipasukia kilomita 30 kutoka ulipo. Haikuwa nyuma ya mlima ule pale. Kila shahidi hudhani kimeangukia kilima cha jirani, na ndiyo maana aliyekuwa Namanyere na aliyekuwa Mpui wanaweza kuapa kila mmoja kwamba kiko kwake, na wote wawili wakakosea.

Kwa nini wanajeshi na polisi waje? Wanayo sababu nzuri. Kitu kilichoanguka kwa kishindo kinaweza kuwa bomu, na Watanzania hatujasahau milipuko ya mabomu ya Mbagala mwaka 2009 na Gongo la Mboto mwaka 2011. Kinaweza pia kuwa kipande cha roketi. Tarehe 30 Desemba 2024, pete ya chuma yenye kipenyo cha mita 2.5 na uzito wa kilo 500 hivi iliangukia kijiji cha Mukuku, kaunti ya Makueni nchini Kenya, na Shirika la Anga za Juu la Kenya likasema ni sehemu ya roketi. Matangi ya vyombo vya angani huweza kubakiwa na mafuta yenye sumu kali. Kwa hiyo kitu chenye umbo la kutengenezwa, chenye misumari, nyaya, bomba au mshono wa kuchomelea, usikiguse kabisa. Ondoa watoto na mifugo, simama mbali, mwite mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji, piga 112.

Sasa tuje kwa yule anayekwepa. Askari wengi hudhani mtu anayejibu kwa kuzungukazunguka ana nia ya kuiba. Mara nyingi ana hofu, na hofu yake ina msingi. Anaogopa shamba lake lizungushiwe kamba msimu wa kupanda. Anaogopa kuitwa kituoni kila wiki. Anaogopa lile ambalo katika mkoa wetu wa Rukwa si la kuchukulia kirahisi: radi ikipiga, wapo wanaouliza imetumwa na nani. Wazee, hasa akina mama, wameuawa nchini mwetu kwa tuhuma za uchawi. Mama mjane ambaye jiwe limedondoka nyuma ya jiko lake, akiulizwa mbele ya umati "Kwa nini limeangukia kwako?", ameshawekwa hatarini, na aliyemweka ni muulizaji. Swali hilo lisiulizwe kamwe, na kiongozi akilisikia kwa wananchi alizime palepale: jiwe halichagui paa.

Tuchukue mfano wa kutunga, wa kijiji chochote cha bondeni, Muze au Ilemba. Askari ameshuka kwenye pikipiki.

"Shikamoo mzee. Jiwe liko wapi?"

"Marahaba. Jiwe gani, mwanangu?"

"Lile la jana usiku."

"Usiku nilikuwa nimelala."

"Hata mlio hukusikia?"

"Radi huku ni za kila siku, afande."

Hapo mazungumzo yameisha, ingawa wataendelea kusemezana saa nzima. Kosa liko kwenye swali la kwanza, linalomfanya mzee awe na kitu cha kuficha kabla hajasema lolote. Angeanza hivi:

"Shikamoo mzee. Poleni na kishindo cha jana."

"Marahaba. Tumeshapoa."

"Hata sisi kilitushtua. Sijaja kumkamata mtu. Tunataka kujua kama ni bomu au ni kimondo, watoto wasije wakaumia. Kilipolia, wewe ulikuwa umekaa wapi?"

"Hapa hapa, chini ya mwembe."

"Na ule mwanga ulipita upande gani wa mwembe?"

Mzee atainuka aonyeshe kwa mkono. Akishainuka ameacha kuwa mtuhumiwa, amekuwa shahidi. Maswali yanayofaa ndiyo hayo: ulisimama wapi, mwanga ulitokea juu ya nini na ukapotelea juu ya nini, ulikuwa saa ngapi, zilipita sekunde ngapi kabla ya mlio, ulisikia mvumo kama wa kitu kinachokata hewa? Mpeleke mahali hasa alipokuwa, mwache aonyeshe mti na pembe ya nyumba, piga picha kuelekea anakoonyesha. Mashahidi watatu wa vijiji tofauti wakifanya hivyo, wataalamu wanaweza kuchora njia ya kimondo na kujua eneo la kutafuta. Wahoji mmoja mmoja, maana wakikaa pamoja watakubaliana hadithi moja. Swali la nani ameokota lije mwisho, tena lije kama ombi.

Na wewe mwanakijiji, kushuhudia si kosa. Unayo haki ya kumwomba afande ajitambulishe, na ya kuomba mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji awepo. Usiseme uongo kwa hofu, kwani uongo ndio unaogeuza ushahidi kuwa kesi. Kama hujui, sema hujui. Kama umeokota, sema umeokota, na useme mbele ya kiongozi wako.

Lakini je, ulichookota ni kimondo? Ufipa ina mtego wake hapa. Wahenga wetu waliyeyusha chuma kwa karne nyingi katika matanuri marefu ya udongo, malungu, mengine yakipita kimo cha mtu mzima, na mabaki ya kazi yao yametapakaa mashambani. Ni mavi ya chuma: meusi, mazito, yanang'aa kama kioo mahali yalipopasuka, yana mikunjo ya kitu kilichotiririka, na ndani yamejaa matundu ya hewa. Jembe huyafukua kila mwaka. Ukiona matundu kama ya mkate, hicho si kimondo, ingawa ni urithi unaostahili heshima na hupaswi kuutupa mtoni.

Kimondo kilichodondoka leo huwa na ngozi nyembamba nyeusi, kama kimepakwa masizi, na mahali kilipopasuka ndani mara nyingi ni kijivu. Mara nyingi huwa kizito kuliko jiwe la ukubwa wake, na vingi huvuta sumaku, lakini usikisuguesugue na sumaku kali, utafuta usumaku wa kale ambao watafiti wanautafuta. Baadhi vina mabonde madogo kama alama za vidole kwenye udongo wa mfinyanzi. Hakiwaki moto. Kilomita za mwisho huanguka kikiwa kimepunguza kasi na kupoa, kwa hiyo anayekwambia kilikuwa kikitoa miali chini amesimuliwa. Kukishika hakukuletei ugonjwa wa mionzi. Kama kijiji kina wasiwasi, Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania ndiyo yenye vipimo na mamlaka ya kutoa jibu.

Adui mkubwa wa jiwe hili ni maji. Mawe ya ukoo wa Ivuna yakilowa humeguka na kuwa tope, na Desemba kwetu ni mvua. Kwa hiyo usilioshe, usilipake mafuta, usilivunje kuona kama ndani kuna dhahabu. Lipige picha likiwa bado chini, ukiweka kiberiti kando yake ili ukubwa ujulikane. Hifadhi mahali hapo kwenye ramani ya simu. Lichukue kwa mfuko safi mkavu uliougeuza kama glavu, lifunge, liweke mahali pasipo unyevu. Shimo lililobaki usilifukie, hata likiwa dogo kama la panya.

Wala usilile. Nasema hivyo kwa sababu imetokea. Tarehe 14 Agosti 1992 vimondo vilinyesha Mbale, Uganda; vilikusanywa vipande 863, na kimoja cha gramu chache kilimgonga kijana kichwani baada ya kupunguzwa kasi na majani ya mgomba. Hakuumia sana. Lakini wapo waliosaga vipande wakavitumia kama dawa ya UKIMWI, wakiamini vimetumwa na Mungu. Walikuwa watu walioelemewa na msiba, na hakuna wa kuwacheka. Jiwe lile halina tiba yoyote, na lina nikeli, metali isiyofaa tumboni.

Watakuja pia wanunuzi. Tunawajua matapeli wa rupia za Mjerumani, na wa vimondo ni ndugu zao: atakuonyesha bei kwenye simu, atataka "sampuli" kwanza, au atataka wewe ulipe gharama za maabara. Kununua na kuuza madini bila leseni ni kosa chini ya Sheria ya Madini ya mwaka 2010, na anayeachwa na kesi ni mwenyeji. Huko El Ali, Somalia, wafugaji walikijua kwa vizazi kimondo cha tani 15 hivi. Mwaka 2020 kiliondolewa mahali pake. Mwaka 2022 watafiti wakatangaza aina mpya za madini walizozikuta ndani ya kipande cha gramu 70, na hicho ndicho walichokuwa nacho mkononi.

Kimondo cha Mbozi, hapa nchini, kimebaki. Pale kilima cha Marengi, kijiji cha Ndolezi, kimelala chuma cha urefu wa mita 3 na uzito unaokadiriwa kati ya tani 12 na 16, asilimia 90 ikiwa chuma na karibu 9 nikeli. Wenyeji walikijua zamani sana kabla mpima ardhi W. H. Nott hajakiandika mwaka 1930, wakanyamaza. Tangu mwaka 1967 kinalindwa kisheria, na mtoto yeyote wa shule kutoka Sumbawanga anaweza kupelekwa akakigusa.

Ili jiwe lenu nalo lisipotee, makabidhiano yawe ya maandishi. Lipimwe kwenye mizani ya duka mbele ya mtendaji, afande na aliyeokota. Karatasi iandikwe nakala tatu: uzito, idadi ya vipande, picha, mahali, saa, jina la aliyeokota, jina na cheo cha anayepokea, na linakopelekwa. Afande anayesaini karatasi hiyo atashangaa jinsi vipande vingine vitakavyojitokeza kabla ya jua kuzama, maana kijiji kimeona kwamba anayetoa hapotezi jina lake. Kutoka hapo taarifa iende kwa mkuu wa wilaya na ofisi ya madini ya mkoa, ili Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini iliyoko Dodoma ipate kulichunguza.

Kwenye karatasi hiyo andikeni kitongoji, kijiji na kata kwa tahajia ambayo wenyeji wenyewe wanaitumia. Vimondo hupewa jina la mahali vilipoangukia, kama Mbale, kama Thika ya mwaka 2011, na jina likishaingia kwenye orodha ya kimataifa ndilo litakalosomwa.