Upasuaji wa Matundu Madogo kwa Magonjwa ya Kizazi: Matokeo Yapimwe kwa Lipi?

Mwanamke anapoambiwa kwamba ana uvimbe wa kizazi, yaani faibroidi, unaohitaji kuondolewa, swali lake la kwanza mara nyingi huhusu kidonda: je, tumbo litapasuliwa, au yatatobolewa matundu tu? Ni swali la haki. Katika upasuaji wa matundu madogo, daktari huijaza tumbo hewa ya kabonidayoksaidi, huingiza kamera karibu na kitovu, kisha hupitisha vifaa vyembamba katika matundu mengine mawili au matatu. Hata hivyo, ukubwa wa kidonda hueleza wiki chache za mwanzo tu. Kama atashika mimba, kama uvimbe utarudi, kama kulikuwa na saratani iliyojificha, hayo hayasomeki kwenye ngozi.

Kuhusu wiki hizo za mwanzo, ushahidi ni mzuri. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2015, yaliyokusanya tafiti 47 na wanawake zaidi ya 5,000, yalilinganisha njia za kuondoa kizazi kwa magonjwa yasiyo saratani. Waliofanyiwa kwa matundu madogo walirejea katika shughuli zao takriban wiki mbili mapema kuliko waliopasuliwa tumbo. Upande wa pili, majeraha ya kibofu na mirija ya mkojo yalikuwa mengi zaidi kwao. Mapitio hayo yalishauri kwamba, inapowezekana, kizazi kiondolewe kupitia ukeni, njia isiyoacha kidonda chochote tumboni. Njia hiyo ni kongwe na haihitaji kamera. Pengine ndiyo sababu husahauliwa kwa urahisi.

Hesabu hubadilika kwa mwanamke anayetaka kuzaa, ambaye huondolewa uvimbe na kuachiwa kizazi. Hapo mahali ulipo uvimbe ndipo penye uamuzi. Uliochomoza ndani ya chumba cha kizazi huweza kuondolewa kwa kamera inayopitishwa kwenye mlango wa kizazi, bila mkato, na wagonjwa wengi hurudi nyumbani siku hiyohiyo. Uliozama katika ukuta huacha shimo linalopaswa kushonwa tabaka kwa tabaka. Kushona hivyo kwa vifaa virefu, huku jicho likiwa kwenye skrini, ni ustadi unaochukua muda kuupata. Ukuta ukishonwa vibaya, au ukiunguzwa mno ili kuzuia damu, kovu huweza kuwa dhaifu na kizazi kikapasuka wakati wa ujauzito au uchungu. Tukio hilo ni nadra, lakini linaweza kumuua mama na mtoto. Ndiyo maana vivimbe vikiwa vikubwa sana au vingi, upasuaji wa wazi, ambamo vidole vya daktari huweza kupapasa hata vile vidogo, mara nyingi huwa chaguo la busara. Karatasi ya kuruhusiwa iandike kina cha mkato na kama chumba cha kizazi kilifunguliwa. Miaka mitatu baadaye, mkunga wa wodi ya wazazi ataona makovu madogo matatu tu, yasiyomwambia lolote.

Njia nyingine ni kuziba mishipa ya damu inayolisha uvimbe. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2020, wenye wanawake 254, uliilinganisha na kuondoa uvimbe kwa upasuaji. Baada ya miaka miwili makundi yote yalikuwa na nafuu kubwa. Wastani wa alama za ubora wa maisha ulikuwa 84.6 kati ya 100 kwa waliopasuliwa na 80.0 kwa waliozibwa mishipa. Nchini Uholanzi, wanawake waliozibwa mishipa walifuatiliwa kwa miaka kumi: takriban theluthi moja waliishia kuondolewa kizazi, theluthi mbili hawakuhitaji.

Penye saratani, matundu madogo yamewahi kuleta madhara. Mwaka 2014 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilionya dhidi ya mashine za kukatakata uvimbe ndani ya tumbo, ikikadiria kwamba mwanamke mmoja kati ya 350 wanaopasuliwa kwa ajili ya faibroidi huwa na saratani isiyotambuliwa, ambayo mashine huweza kuisambaza. Mwaka 2018 utafiti wa kimataifa wa wagonjwa 631 wa saratani ya mlango wa kizazi ya hatua za mwanzo ulionyesha kwamba, baada ya miaka minne na nusu, asilimia 86.0 ya waliofanyiwa kwa matundu madogo walikuwa hai bila saratani kurudi, dhidi ya asilimia 96.5 ya waliopasuliwa tumbo. Kwa ugonjwa huo, upasuaji wa wazi ndio unaopendekezwa.

Baada ya kuruhusiwa, maumivu hutarajiwa kupungua kila siku. Yale ya bega, yatokanayo na hewa iliyobaki, huisha ndani ya siku chache. Maumivu ya tumbo yanayoongezeka, homa, tumbo kujaa, kutapika au mkojo kupungua huweza kuashiria utumbo au mrija wa mkojo uliojeruhiwa, na dalili hizo huweza kuchelewa kwa siku kadhaa. Mhudumu wa zahanati anayempokea mgonjwa wa namna hiyo amrejeshe hospitalini siku hiyohiyo, hata kama vidonda vyake vimekauka vizuri.