Karatasi za Watu Kwenye Diski Yangu: Mafunzo Niliyopata Chokocho

Duka langu la kuchapa na kutoa kopi liko Chokocho, Pemba, njia ya kuteremkia bandarini. Watu wa Kisiwa Panza wakivuka huja na karatasi zao ndani ya mifuko ya plastiki zisirowe: vyeti vya kuzaliwa, hati za ndoa na za talaka, barua za hospitali, vitambulisho. Zote hupitia kompyuta ile ile moja. Kinachobaki humo wenyewe wakishakwenda zao kimenifunza mengi.

1. Faili lililofutwa bado lipo.

Binti mmoja aliyeolewa karibuni aliniletea flashi aliyoazimwa na jamaa yake. Picha za harusi zilikuwa zimefutika na mama yake hana raha. Nikaendesha PhotoRec, programu ya bure ya Mfaransa Christophe Grenier. Haijali majina ya mafaili. Hupita diski yote kipande kwa kipande ikitafuta alama ambazo kila aina ya faili huanza nazo. Picha za harusi zilirudi karibu zote. Zikarudi pamoja na vitu ambavyo hakuna aliyeviomba: kitambulisho cha mzee fulani, na majibu ya vipimo vya mwanamke ambaye sote wawili tunamjua. "Mwanangu, haya si yetu," nilimwambia, nikaizima skrini.

Ukifuta faili, kompyuta huondoa maelezo ya mahali lilipo tu, kisha nafasi ile huihesabu kuwa huru. Ni kama sheha akate jina la nyumba katika daftari lake: nyumba bado imesimama na wenyewe wamo ndani. Maandishi hukaa pale pale mpaka faili jipya liandikwe juu yake, na kwenye diski isiyojaa hilo laweza kuchukua miaka.

2. Diski iliyotumika huja na watu wake.

Wamarekani wawili, Simson Garfinkel na Abhi Shelat, walinunua diski kuukuu 158 na mwaka 2003 wakatoa matokeo. Zilizofanya kazi zilikuwa 129, na kati ya hizo 12 tu ndizo zilizosafishwa sawasawa. Humo mlikuwa na habari za matibabu, barua za mapenzi na namba zaidi ya 5,000 za kadi za benki. Laptopu nyingi zinazofika kwetu ni mtumba, na zetu nazo tukizichoka huuzwa Chake Chake au Unguja. Kwa hiyo mimi husafisha ninaponunua na husafisha ninapouza.

3. Nafasi huru husafishika bila kugusa mafaili yanayotumika.

Hili ndilo ningependa kila mwenye duka kama langu alijue, kwa sababu wengi hudhani lazima diski yote ifutwe na Windows iwekwe upya. Amri imo ndani ya Windows yenyewe: cipher /w:C:\ na basi. Hujaza nafasi yote iliyo huru kwa sifuri, kisha kwa alama nyingine, kisha kwa namba za kubahatisha, halafu huifungua nafasi hiyo tena. Mark Russinovich naye ana programu ndogo ya bure, SDelete, inayofanya kazi hiyo hiyo.

Lakini utaratibu una mpango wake. Kwanza futa unachotaka kiondoke: folda ya vilivyopakuliwa, mafaili ambayo wateja wameyatuma kwa WhatsApp, nakala za muda zinazowekwa na programu za kuandikia, kisha pipa la taka. Amri haigusi faili lililo hai, kwa hiyo kitambulisho ulichokisahau kwenye folda kitabaki salama salimini. Kazi huchukua saa kadhaa kwenye diski kubwa ya kuzunguka, na mimi huianza nikishafunga duka. Tangu waya wa baharini kutoka Tanga ulipowashwa mwaka 2010, Pemba haitegemei tena majenereta, ila umeme bado hukatika. Ukikatika katikati, utakuta folda iitwayo EFSTMPWP imekula nafasi yote. Ifute, uanze upya.

4. Mara moja yatosha.

Mwaka 1996 Peter Gutmann alieleza njia ya kuandika juu ya diski mara 35, na bado wapo wanaoifuata. Ilikusudiwa diski za zama zile, naye mwenyewe amesema hivyo. Mwongozo wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, wa mwaka 2014 unakubali kuwa kwa diski za sumaku kuandika mara moja kwa kawaida kunatosha.

5. Flashi na SSD zina pembe zake.

Chipu hizi huhamisha maandishi huku na huku ili zisichakae upande mmoja, na zina nafasi ya akiba ambayo kompyuta haiioni. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walionesha mwaka 2011 kwamba kufuta faili moja moja kwenye SSD hakuaminiki. Kinga yake ni kuifunga diski kwa msimbo tangu siku ya kwanza, kabla karatasi ya mtu yeyote haijaingia. Flashi iliyowahi kubeba majibu ya hospitali siiuzi wala siigawi, naivunja.

6. Siri ni nzito zaidi pale watu wanapojuana.

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Naiheshimu. Ila kwetu talaka ya mtu ikionwa na macho mawili, kufikia alasiri imeshavuka bahari. Aliyeniachia karatasi ameniachia amana na stara yake, na haimalizikii pale anapolipa. Siku hizi, nikishasafisha, huiendesha PhotoRec kwenye diski ile ile. Ikirudisha hata karatasi moja ya mteja, narudia kazi yote.