Anzia Mgongoni: vidokezo vya kutunza vyombo vya nyumba ya pwani

Upepo wa bahari ni neema kwa anayekaa Kigamboni, Nyali au Mji Mkongwe. Kwa friji, pasi na kabati lake, upepo huohuo ni mtihani, maana unabeba chembe za chumvi. Chumvi inatua nyuma ya friji, ndani ya soketi, kwenye bawaba za milango. Unyevu wa hewa ukizidi asilimia 75 hivi, na huku kwetu hilo ni la kila siku, chumvi inavuta maji kutoka hewani na kuyeyuka palepale ilipotua. Ndiyo maana chuma cha pwani kinaota kutu hata wakati wa kiangazi, bila kuguswa na mvua. Ongeza vumbi la barabarani, mvuke wa mafuta ya kukaangia na umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo.

Tunachokosea ni kusafisha panapoonekana na wageni. Mlango wa friji unang'aa, juu yake kuna kitambaa cha kutarizi na maua ya plastiki, lakini mgongoni hapajaguswa tangu lilipoteremshwa kwenye kigari cha Kirikuu. Tuanzie huko.

1. Chomoa kwanza

Kuzima swichi hakutoshi, chomoa plagi kabisa. Mikono iwe mikavu na ndala miguuni. Chombo cha umeme hakimwagiwi maji: lowanisha kitambaa, kikamue sawasawa, ndipo ufute. Vumbi liondoe kavu kwanza kwa brashi. Ukianza na maji unalifanya tope la chumvi, na tope hilo linaingia kwenye kila upenyo.

2. Friji ndilo lenye kazi kubwa, lipe muda mwingi

Ule wavu wa mabomba meusi ulioko nyuma ndio unaotoa nje joto lililonyonywa kutoka ndani. Ukizibwa na vumbi, joto halitoki. Kompresa inanguruma mchana kutwa bila kupumzika, umeme unakwenda, na mwisho wake inaungua. Hapo ndipo wengi wanapoambiwa "gesi imeisha". Gesi ya friji haiishi kwa kutumika kama ya jikoni. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa kabisa miaka nenda rudi, na ikipungua basi kuna mahali inapovuja. Kwa hiyo kabla hujalipia kujaziwa gesi, livute friji mbele, chukua brashi laini ya kupakia rangi, na usugue wavu ule kutoka juu kwenda chini. Nyumba iliyo karibu na barabara ya vumbi ifanye hivyo kila mwezi. Nyingine, kila miezi mitatu inatosha. Kama huuoni wavu nyuma, huenda mabomba yamefichwa kwenye mbavu za friji, ndiyo maana ubavu unakuwa wa moto. Friji la aina hiyo usilibane na kabati. Kwa vyovyote vile, liachie nafasi ya sentimita 10 kutoka ukutani.

Kisha pima mpira wa mlango kwa noti. Ibane noti mlangoni, funga, uivute. Ikitoka bila ubishi, baridi inavuja hapo. Usikimbilie kununua mpira mpya, mara nyingi huo wa zamani ni mchafu tu: ndani ya mikunjo yake kuna juisi iliyoganda, mchuzi na makombo. Uoshe kwa mswaki wa zamani na maji ya uvuguvugu yenye sabuni, ukaushe, halafu rudia kuupima kwa noti.

Barafu ikifika unene wa nusu sentimita, ni wakati wa kuiyeyusha. Zima, chomoa, acha mlango wazi, weka bakuli la maji ya moto ndani na subiri. Tafadhali, usichokoe kwa kisu. Ukuta wa friza ni bati jembamba lenye njia za gesi ndani yake, na tundu moja linatosha kuua friji zima. Tena mafriji mengi ya siku hizi yanatumia gesi ya R600a, ambayo inashika moto.

Maji yakituama chini ya droo ya mboga, kitundu cha kutolea maji ndani kwa nyuma kimeziba. Kizibue kwa kijiti laini cha plastiki na maji ya uvuguvugu. Maji hayo yanakwenda kwenye kisahani kilicho nyuma, juu ya kompresa, na kisahani hicho karibu kila mtu anakisahau. Kimwage na ukisugue. Mbu wanaoeneza homa ya dengue wanazaliana kwenye maji machache yaliyotulia kama hayo, na Dar es Salaam imeshaonja milipuko ya dengue mwaka 2014 na 2019.

3. Umeme ukirudi, usilirukie friji

Umeme ukikatika, chomoa friji. Ukirudi, hesabu dakika 5 ndipo uchomeke. Kompresa inapozimika ghafla, presha ya gesi inabaki kubwa upande mmoja, na inahitaji dakika hizo ilingane. Ikilazimishwa kuwaka mapema, mota inagoma huku ikivuta umeme mwingi, na hapo ndipo inapoungua. Usipokuwa nyumbani huwezi kuhesabu, kwa hiyo nunua kile kifaa cha kulinda friji kinachochelewesha umeme na kuukata unapopanda au kushuka mno. Bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na kompresa mpya.

4. Pangaboi na foronya kuukuu

Ukifuta mapanga ya feni ya darini kwa kitambaa, vumbi lote linakuangukia kichwani na kitandani. Chukua foronya ya zamani, ivishe kwenye panga kama unavyovisha mto, ibane kwa viganja viwili na uivute taratibu kuja kwako. Vumbi linabaki ndani ya foronya. Kisha futa kwa kitambaa chenye unyevu na sabuni, kausha. Vumbi lisilolingana kwenye mapanga ni sababu mojawapo ya pangaboi kuyumba, ingawa ikiendelea kuyumba baada ya usafi, kaza skrubu za mapanga.

5. Pasi

Doa la wanga au la nguo iliyoungua liondoe pasi ikiwa imepoa: changanya magadi soda, yale ya mapishi, na maji kidogo yawe kama uji mzito, paka, sugua kwa kitambaa laini, futa. Kisu na waya wa sufuria vinakwaruza, na pasi iliyokwaruzwa inashika nguo. Nailoni ikigandia, pasha pasi kidogo tu, chomoa, kisha ikwangue kwa mwiko wa mti.

Pasi ya mvuke usiitilie maji ya kisima. Kinga maji ya mvua, baada ya mvua kuosha bati kwanza, uyachuje kwa kitambaa safi. Na usiiache na maji ndani usiku kucha.

6. Birika la umeme na ule ukoko mweupe

Maji ya visima vingi vya Unguja na Mombasa yanapita kwenye mawe ya matumbawe, na matumbawe ni chokaa. Chokaa hiyo inaganda chini ya birika. Ikiwa nene, maji yanachelewa kuchemka, umeme unakwenda, na chuma cha kupashia kinaungua kwa kuwa joto lake halipiti. Dawa ni asidi nyepesi, nayo ipo sokoni: jaza birika nusu, kamulia ndimu nne au tia kikombe cha siki, chemsha, zima, acha nusu saa. Utaona mapovu madogo yakipanda, ndiyo chokaa inavyoyeyuka. Mwaga, suuza, chemsha maji matupu mara moja uyamwage. Ladha ya ndimu ikibaki, rudia kuchemsha.

Ndimu inasaidia pia kwenye maikrowevu: bakuli la maji na vipande vya ndimu, dakika 3, halafu usifungue kwa dakika 5 nyingine. Uchafu unalainika wenyewe kwa mvuke. Weka kijiko cha mti ndani ya bakuli, maji yasije yakafoka ghafla unapoyagusa.

7. Hili si la usafi, ni la uhai

Usichanganye dawa ya kung'arishia nguo yenye klorini na siki, ndimu au dawa ya choo yenye asidi. Mchanganyiko huo unatoa gesi ya klorini, inayochoma mapafu. Usiichanganye na amonia pia. Ukitumia kimoja, suuza kwa maji mengi kabla ya kingine, na dirisha liwe wazi.

8. Jiko la gesi likitoa masizi

Moto mzuri ni wa bluu. Ukigeuka njano na sufuria zikaanza kuota masizi, gesi haichanganyiki na hewa ya kutosha, na mara nyingi chanzo ni uji au mchuzi uliofurika ukaziba matundu. Jiko likishapoa, toa vichwa vyake, viloweke kwenye maji ya moto yenye sabuni, zibua tundu moja moja kwa sindano. Njiti ya kiberiti usiitumie, inakatikia ndani. Virudishe vikiwa vikavu kabisa.

Ukiwa hapohapo, kagua mpira wa gesi. Paka povu la sabuni kwenye maungio yote, mtungi ukiwa umefunguliwa na jiko limezimwa. Povu likifura mahali, panavuja. Kamwe usipime kwa kiberiti. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, inatambaa sakafuni na kujikusanya chini, kwa hiyo ukisikia harufu, funga mtungi, fungua milango, usiguse swichi yoyote. Mpira uliopasuka nyufa au uliokakamaa ubadilishwe leo.

9. Blenda

Maji nusu jagi, tone la sabuni, washa kwa sekunde chache, suuza. Fungua kisu na uoshe mpira ulio chini yake, maana harufu mbaya inatoka hapo. Usiisagishe mfululizo bila kuipumzisha.

10. Mashine ya kufulia

Acha mlango wazi baada ya kufua, mpira wa mlangoni usiote kuvu. Fungua kichujio kila mwezi, na utandike tambara chini kabla hujakifungua. Mchanga wa ufukweni ukung'ute nje kabla nguo hazijaingia.

11. Vua nailoni

Najua kochi limenunuliwa kwa jasho, na nailoni ya dukani inaonekana kama ulinzi. Kwa joto la pwani inafanya kinyume. Jasho na unyevu vinanaswa chini yake, kitambaa kinaota kuvu, na sponji inaanza kunuka. Ni vilevile kwa godoro. Ivue, na kama unaogopa uchafu, shona foronya za kochi zinazofulika.

Kochi la kitambaa linyunyizie magadi soda, liache nusu saa, kisha lipige brashi au lipitishie mashine ya kuvuta vumbi. Mtoto akikojolea, gandamiza kwa taulo kavu hadi lisivute tena, bila kusugua. Halafu pitisha kitambaa chenye siki na maji nusu kwa nusu, na ulikaushe kwa feni siku nzima. Sponji iliyolowa ndani inahitaji jua la asubuhi, lakini usiiache kwenye jua kali siku nyingi, inapukutika.

12. Mninga, mvule na mkongo

Kabla ya kupaka chochote, dondoshea tone la maji kwenye mbao. Likisimama kama shanga, vanishi bado ni nzima: futa kwa kitambaa chenye unyevu, kausha, basi. Likinywewa na kuacha doa jeusi, mbao iko wazi na inahitaji mafuta.

Wengi wetu tunakimbilia mafuta ya nazi. Yanang'arisha, lakini hayakauki. Yanabaki yakinata, yanashika vumbi, na baadaye yanachacha. Tumia mafuta ya linsidi, yale wanayotumia maseremala: paka kidogo kwa kitambaa ukifuata nyuzi za mbao, subiri robo saa, futa yote yaliyobaki juu, acha yakauke siku mbili. Matambara uliyotumia usiyakunje ukayatupa kwenye kona. Mafuta haya yanapokauka yanatoa joto, na matambara yaliyorundikwa yanaweza kuwaka moto yenyewe. Yatandaze nje moja moja hadi yakauke.

Kwa sanduku la Kizanzibari lenye njumu za shaba, ndimu na chumvi vinang'arisha kweli, lakini asidi hiyo ikigusa mbao inaacha doa. Toboa tundu kwenye kadi, uipitishe njumu moja moja, sugua, futa kwa maji, kausha. Na kama sanduku ni la bibi na shaba yake imeshika rangi ya umri, mimi ningeiacha ilivyo.

13. Mchwa na bungua

Sogeza makabati mbali kidogo na ukuta, uweze kuziona njia za udongo za mchwa zikiwa bado fupi. Bungua hana njia ya udongo. Yeye anaacha vitundu na unga mkavu sakafuni. Ufagie. Ukiukuta mpya kesho yake, bado yumo ndani, na inabidi dawa ya wadudu wa mbao iingizwe kwa sindano, tundu kwa tundu.

14. Runinga

Kitambaa laini kikavu, runinga ikiwa imezimwa. Usipulizie kitu kwenye kioo, hasa dawa ya madirisha.

15. Chombo kikikutekenya

Ukigusa friji au mashine ya kufulia ukahisi umeme unakutekenya vidoleni, usafi hausaidii tena. Chomoa, mwondoe kila mtoto karibu, usivae viatu vya mpira ukaendelea kukitumia. Tafuta fundi umeme mwenye leseni, na umwombe aanze kwa kukagua waya wa ethi wa nyumba, ule unaopeleka ardhini umeme unaovuja. Zipo nyumba nyingi ambazo fimbo ya shaba ya ethi iliyofukiwa nje ilikatika, iliibwa, au imeliwa na kutu pale inapoungana na waya, na hakuna aliyejua.