Minyoo Kwenye Ndoo, Samaki Kwenye Kioo

Wanachuo wenzangu, bumu likikata, wa kwanza kuumia geto kwangu ni samaki. Nafuga samaki wa mapambo kwenye tangi la kioo hapa Usa River, na kopo dogo la chakula cha dukani linakula hela ya siku kadhaa kwa mama ntilie. Suluhisho langu ni kufuga minyoo. Nalieleza hapa kama somo.

Mbegu. Si kila mnyoo anafaa. Tafuta wale wembamba, wekundu, wanaoishi kwenye samadi ya zamani. Siyo wanene wanaochimba udongoni. Waombe wafugaji wa Tengeru. Usiwachukue chini ya mibuni inayopulizwa mrututu: ile ni shaba, sumu kwa minyoo na kwa samaki pia.

Makazi. Chukua ndoo ya lita 20, toboa matundu madogo chini na kwenye mfuniko. Jaza nusu kwa maboksi yaliyochanwa na kuloweshwa, majani makavu ya mgomba na samadi kuukuu. Samadi mbichi hupata joto kali, itawaua. Finya ngumi moja ya matandiko: yakitoka matone mawili matatu, unyevu unatosha. Yakichuruzika, ongeza boksi kavu. Minyoo hawa wanapenda nyuzijoto 15 hadi 25, kwa hiyo baridi yetu ya Arusha, mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, si tatizo. Cha msingi ni kivuli.

Chakula. Wape maganda ya ndizi, mabaki ya mboga na majani ya chai yasiyo na sukari, kidogo kidogo, ukifukia. Nyama, mafuta, chumvi, pilipili na limau, hapana.

Kuvuna. Hapa ndipo subira inapotakiwa. Kifuko cha mayai huanguliwa baada ya wiki tatu hivi, na watoto huchukua kama miezi miwili kukomaa. Ukianza na wachache, usivune miezi mitatu ya mwanzo. Siku ya kulisha, walaze kwanza usiku kucha kwenye karatasi mbichi watoe uchafu tumboni, waoshe vizuri, kisha wakatekate kulingana na mdomo wa samaki. Toa mara mbili kwa wiki, kiasi kinachoisha ndani ya dakika tatu; kinachobaki huoza na kuharibu maji. Kuna samaki wasiofaa kupewa kabisa, mfano Tropheus wa Ziwa Tanganyika. Hao hukwangua mwani kwenye mawe, na utumbo wao mrefu haukuumbwa kwa minyoo.

Kwetu tunaosomea ualimu, ndoo hii ni zaidi ya chakula. Wengi wetu tutapangiwa shule zisizo na maabara, na bado tutatakiwa kufundisha uozo, mnyororo wa chakula na mzunguko wa maisha. Mwanafunzi aliyehesabu vifuko leo na kuona vijinyoo vyeupe baada ya wiki tatu hahitaji kukaririshwa.