Gari Likigonga Mbele, Lisikilizwe

Ndugu wananchi wa mpakani, hususan madereva wa teksi wa Mutukula: gari linapogonga upande wa mbele, msiuzibe mlio huo kwa sauti ya redio.

Kwanza, lipitisheni polepole kwenye matuta madogo. Likigonga hapo, mara nyingi bushi au linki za stabilaiza zimelika. Likigonga usukani unapokatwa, shukuni bolijointi au maungio ya juu ya shokapu.

Pili, liegesheni mahali tambarare, zuieni magurudumu ya nyuma kwa kabari, inueni kwa jeki na kulitegemeza kwa stendi. Shikeni gurudumu juu na chini, mlitikise. Likicheza, kasoro i katika bolijointi au beringi. Likicheza kushoto na kulia pekee, tazameni ncha ya tairodi.

Linki iliyolika yaweza kungoja siku chache, bolijointi haingoji. Ikichomoka, gurudumu hulala ubavu na usukani hautii tena. Gari la namna hiyo lisivuke mpaka wala kurudi nyumbani na abiria. Fundi aitwe lilipo. Nauli iliyopotea leo hupatikana kesho, uhai haurudi.