Lugha na Mamlaka: Unyanyasaji wa Walimu katika Shule za Umma Nchini Kenya

Utangulizi

Neno "mwalimu" limebeba heshima kubwa katika jamii za Afrika Mashariki. Julius Nyerere, aliyeacha kazi ya kufundisha mwaka 1955 ili ajitose katika siasa, aliendelea kuitwa Mwalimu hata alipokuwa Rais wa Tanzania. Inashangaza basi kwamba mwenye jina hili, akiwa katika shule ya umma, anaweza kukaripiwa mbele ya wanafunzi wake mithili ya mtoto mtukutu. Makala haya yanachunguza unyanyasaji wa walimu unaotekelezwa na wasimamizi wa shule kwa kuangazia chombo chake kikuu, yaani lugha. Hoja inayotetewa ni kwamba unyanyasaji huu huanza kwa maneno, kisha ukapata kinga katika utaratibu wa utawala.

Msingi wa Kinadharia

Fairclough (1989) anahusisha lugha na mamlaka: anayetawala huamua nani aseme, aseme nini na kwa namna gani. Brown na Levinson (1987), katika nadharia yao ya upole, wanatumia dhana ya "uso": kila mtu anataka akubalike na pia asiingiliwe uhuru wake. Dhana hii si ngeni kwetu. Kiswahili kina "kumpa mtu uso", na kinyume chake "kumuumbua". Ni kweli kwamba, kwa mujibu wa nadharia hiyo, mwenye mamlaka huhitaji upole mdogo anapozungumza na aliye chini yake. Hata hivyo, mwalimu mkuu naye ni mwalimu, aliyesajiliwa na kuajiriwa na Tume ile ile ya Huduma za Walimu. Uhusiano wao ni wa wanataaluma wenza, si wa bwana na mtwana.

Sura za Unyanyasaji

Sura ya kwanza ni fedheha ya hadharani. Mwalimu anapokemewa katika gwaride la asubuhi, anayeumbuliwa si yeye peke yake. Darasa atakaloliingia baada ya nusu saa limekwisha kufundishwa kwamba neno lake halina uzito.

Sura ya pili ni vitisho. Chukua kauli kama vile "Wako wengi wanaoitamani nafasi hii" au "Utapelekwa mahali usikokujua". Kauli hizi hazitaji kosa lolote, hivyo hazimpi mwalimu jambo la kujibu. Aghalabu hutolewa kwa mdomo katika majilisi, bila ushahidi wa maandishi, na anayezilalamikia huambiwa kwamba ulikuwa utani.

Sura ya tatu ni barua ya kumtaka mwalimu ajieleze. Barua yenyewe ni haki ya kisheria, kwani hakuna anayepaswa kuadhibiwa kabla ya kusikizwa. Tatizo huwa katika muundo wake. "Imebainika kwamba umekuwa ukizembea" ni sentensi iliyo katika kauli ya kutendeka: aliyebaini hatajwi, siku haitajwi, wala kipindi kilichokosa mwalimu hakitajwi. Sarufi imemficha mshtaki, na mwalimu anabaki kupigana na kivuli.

Muundo wa Utawala

Lugha hiyo isingekuwa na makali kama isingeungwa mkono na utaratibu. Kwa mujibu wa Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, mwalimu mkuu ndiye katibu wa bodi ya usimamizi ya shule. Bodi hiyo inaweza kumsimamisha kazi mwalimu kwa niaba ya Tume. Mwalimu aliyesimamishwa hulipwa nusu ya mshahara, na kwa baadhi ya makosa halipwi chochote. Hivyo anayeshtaki ndiye pia anayeandika kumbukumbu za kikao cha kusikiliza mashtaka. Wahenga walisema, kesi ya nyani, hakimu ngedere.

Walio katika hatari zaidi ni walimu wanaoajiriwa na bodi za shule, kwa kuwa hawana kinga ya Tume. Karibu nao ni walimu wanagenzi. Sekondari msingi zilipoanzishwa mwaka 2023 ndani ya shule za msingi, wengi waliopelekwa huko walilipwa shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato, ilhali walikuwa wamehitimu na kusajiliwa. Mnamo Aprili 2024, mahakama ya masuala ya ajira iliamua kwamba kuwaajiri walimu wa aina hiyo kama wanagenzi kulikiuka haki zao. Mtu ambaye mkataba wake unasubiri kurefushwa hawezi kuuliza swali, hata akiwa na haki.

Upande wa Wasimamizi

Haitakuwa insafu kuwalaumu wasimamizi pekee. Mwalimu mkuu hubanwa na wazazi wanaotaka alama, na Tume inayomtaka atie saini mkataba wa utendakazi. Aidha, wapo walimu watoro, na wapo wanaowadhulumu wanafunzi. Hao wanastahili hatua kali. Kutia nidhamu na kunyanyasa ni mambo mawili tofauti. Nidhamu hutaja kosa, hutoa nafasi ya kujibu, na humhifadhia mtu uso wake. Unyanyasaji huvikosa vyote vitatu.

Mapendekezo

Kwanza, barua ya mashtaka itaje tendo, tarehe na mlalamishi. Pili, mwalimu mkuu anapokuwa mlalamishi, asiwe katibu wa kikao hicho. Ibara ya 47 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya kutendewa kwa njia ya haki katika maamuzi ya kiutawala. Tatu, mafunzo ya wakuu wa shule yahusishe stadi za mawasiliano. Nne, wanafunzi wa Kiswahili wautafiti usemi wa majilisi. Uchunguzi wa barua na mikutano ya walimu unaweza kuwa na manufaa sawa na uhakiki wa riwaya.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba lugha ya msimamizi si pambo la utawala, bali ni utawala wenyewe. Wanafunzi wengi wanaosoma jarida hili watakuwa walimu, na baadhi yao watakuwa wakuu wa shule. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mwalimu aliyezoea kuumbuliwa huenda naye akawaumbua wengine atakapokabidhiwa funguo za ofisi.