Mashini Inayofanya Kazi ya Moyo na Mapafu

Mama mmoja, ambaye mtoto wake ana tundu ndani ya moyo na atapelekwa mbali kupasuliwa, aliniuliza: "Mwalimu, wakiusimamisha moyo wake, si atakuwa amekufa?" Jirani zake walikuwa wamemwambia akatae. Swali lake si la kuchekwa. Sikilizeni, ndugu.

Moyo wa mtu mzima aliyepumzika husukuma damu lita 5 hivi kila dakika. Damu iliyochoka huenda kwanza katika mapafu kupata hewa, kisha hurudi moyoni na kusukumwa mwilini mwote. Kazi hii ikikoma, ubongo huanza kuharibika baada ya dakika chache tu. Basi mganga afanye nini? Hawezi kushona vizuri ndani ya moyo unaopiga na kujaa damu.

Huko Marekani mganga kijana, John Gibbon, alikesha karibu na mwanamke ambaye damu iliyoganda ilikuwa imeziba njia ya mapafu yake. Aliona damu yake ikizidi kuwa nyeusi. Walimpasua, lakini akafa. Gibbon akawaza: je, haiwezekani kuitoa damu, kuitia hewa nje ya mwili, na kuirudisha? Yeye na mke wake, Mary, walijaribu kwa paka miaka mingi. Tarehe 6 Mei 1953, mjini Philadelphia, msichana wa miaka 18 alishonwa tundu la moyo, na kwa dakika 26 mashini peke yake ilimfanyia kazi ya moyo na mapafu. Akapona. Lakini nisiwafiche: wagonjwa wawili waliomfuata walikufa, na Gibbon hakuendelea. Tangu 1955 John Kirklin na wenzake huko Rochester waliitumia mashini iliyotengenezwa vizuri zaidi.

Mgonjwa hulazwa usingizi, hupewa heparini, maana damu ikigusa mipira ya mashini hutaka kuganda. Mipira hutiwa katika mishipa mikubwa inayoleta damu moyoni. Damu hushuka mpaka mashini, hutiwa oksijeni, hupozwa au kupashwa moto, kisha husukumwa katika mshipa mkuu. Mtu mmoja huiangalia mashini muda wote, wala hana kazi nyingine. (Mgonjwa hatamwona hata kidogo, naye amemshikia uhai wake!) Ndipo moyo husimamishwa kwa dawa yenye potasiamu. Tundu likiisha kushonwa, damu hurudishwa moyoni, nao huanza kupiga; ukikawia hushtuliwa kwa umeme. Dawa nyingine, protamini, huondoa nguvu ya heparini.

Kwa hiyo nilimjibu: "Mama, moyo utalala, lakini damu haitalala. Ubongo wake utapata hewa kila dakika. Hatari iko, nayo waganga watakueleza, lakini mtoto hatakuwa maiti."

Akanyamaza. Kisha akauliza kama atasikia maumivu. Nikamwambia: wakati wa kupasuliwa, hapana. Akiamka, kifua kitamwuma siku kadhaa, naye atapewa dawa.